Ilikuwa Imezimwa

Hebu fumba macho kidogo, wewe unayenisikiliza, ulione jiko dogo la fleti ya ghorofa ya pili huko Adelphi, Marekani. Ni jioni ya mwezi wa Juni. Dirisha liko wazi, na mngurumo wa magari ya University Boulevard unaingia pamoja na harufu ya vitunguu vya jirani. Mezani kuna blenda yenye nyanya. Mbele yake amesimama mwanamume wa makamo anayeitwa Sabri. Mkononi ameshika waya wa ile blenda, na mwisho wa waya plagi inaning'inia hewani, haijachomekwa popote.

Na blenda inazunguka.

"Zima hiyo, Sabri. Nyanya zishakuwa maji," alisema Mwatime, mkewe, kutoka sebuleni.

"Nimezima."

"Umezima, mbona naisikia?"

Sabri aliitazama plagi, akaitazama blenda. Ilizunguka polepole, kwa uchovu, kama inayosubiri aseme kitu. Kisha ikasimama. Juu ya harufu ya nyanya ilikuja harufu nyingine, ya grisi nzito na kitambaa kilichoungua, na Sabri akafunga dirisha ingawa alijua haikutoka nje.

Harufu ile aliijua. Aliisikia mara ya kwanza mwezi wa Aprili, shambani.

Shamba lenyewe halikuwa lao. Lilikuwa la Mzee Phineas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa palepale, ng'ambo kidogo ya Lanham. Miguu ilipomchoka aliwapa watu wa Unguja na Pemba wanaoishi karibu walime mchicha, bamia na kunde, wagawane. Pamoja na shamba aliwapa trekta lake la zamani, lililofifia rangi likawa kama tofali. Sabri, kwa kuwa kazi yake ni matengenezo ya majengo ya fleti, mabomba na taa na mashine za kufulia, ndiye aliyepewa jukumu la kulitunza. Rafiki yake Azhar ndiye aliyekuwa dereva.

Nyuma ya trekta kama lile kuna shafti inayochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye mashine inayofungwa nyuma. Kwao ilikuwa mashine ya kukatia majani. Ile shafti huzunguka upesi kuliko jicho, na kwa sababu hiyo huwekewa kifuniko cha plastiki mwanzo hadi mwisho, ili isikamate nguo wala nywele wala mkono. Mzee Phineas aliwafundisha kwa upole, neno kwa neno: kabla ya kushuka, zima injini. Toa ufunguo. Subiri mpaka usikie kimya. Usiruke shafti hata kama unaona imelala.

Lakini kifuniko kile kilikuwa na ufa, kikawa kinapiga kelele, na Sabri alikivua ili apake grisi. Alisema atakirudisha baada ya chakula. Akasema atakirudisha wiki ijayo. Kisha akakisukuma bandani nyuma ya magunia ya mbolea, kwa sababu kila alipokiona kilimkumbusha. Na betri nayo ilikuwa imechoka. Asubuhi ile ya Aprili, baada ya kuhangaika sana mpaka trekta likawaka, Sabri alimwambia Azhar, "Ukishuka usizime. Likizimika hatulipati tena leo."

Azhar alikuwa amejifunga kikoi shingoni kwa ajili ya baridi, kama walivyofanya tangu ujanani. Majani yalikwama. Akashuka, hakuzima, akainama. Shafti ikalidaka pindo la kikoi, na mkono alioupeleka kujinasua ukavutwa nalo.

Sabri ndiye aliyekimbia akauvuta ufunguo, ndiye aliyemkaza mkono ule kwa mkanda wake wa suruali, na ndiye aliyekaa naye mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Madaktari walisema bila ule mkanda Azhar angekufa. Mkono wa kulia waliukata chini ya kiwiko.

Kwenye ukumbi wa hospitali watu walijaa, na mmoja akauliza ilikuwaje. Sabri alifungua mdomo, na katika mdomo ule likatoka neno ambalo hakulipanga.

"Trekta ilikuwa imezimwa," alisema. "Shafti ilizunguka yenyewe ikamvuta. Wallahi, ilikuwa imezimwa."

Watu wakatazamana. Mtu akakumbuka kwamba hata zamani trekta lile lilikuwa likijisukuma mbele hatua mbili tatu ukiwa umeshakanyaga klachi. Mzee Phineas alikuwa amewaeleza kwamba huo ni uzito tu wa visu vya mashine vinavyoendelea kuzunguka, lakini siku ile hakuna aliyetaka maelezo ya Mzee Phineas. Mama mmoja alinong'ona, "Pana kitu pale." Na kuanzia hapo lawama haikuwa ya mtu tena. Ilikuwa ya jini.

Maalim Vuai, aliyekuwa akiwasomea dua watu wao huko, aliandika hirizi, ikashonewa kitambaa chekundu, ikafungwa kwenye trekta, nyuma, palepale kilipokuwa kifuniko.

Sabri aliiona ikifungwa.

Baada ya blenda ilikuja feni ya bafuni. Ilikuja cherehani ya Mwatime, gurudumu lake likijizungusha juu ya kabati ilikohifadhiwa. Siku moja Sabri alizima gari lake maegeshoni, akashuka na ufunguo mkononi, na chini ya boneti mkanda ukaanza kuzunguka, taratibu, bila injini, ukisugua kitu chenye unyevu. Hakuliendesha tena. Alimwambia Mwatime limeharibika breki.

"Jana ulisema betri," Mwatime alisema.

"Na breki pia."

Mwatime alimtazama mumewe vile mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeficha kitu mgongoni. "Sabri, unanuka grisi. Unaoga mara tatu kwa siku, na bado unanuka grisi."

Alhamisi yake Fathiya alikuja. Ni binti pekee wa Azhar, mwanafunzi wa chuo, mrefu, mwenye kupenda mashela mapana yanayofika magotini. Alikuja kuchukua mfuko wa baba yake uliobaki kwa Sabri tangu siku ile. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ya chai, na kofia ya viua, ile ya nakshi za vitundu, iliyoshonwa nusu, sindano bado imechomwa. Azhar alikuwa mshonaji wa kofia. Vitundu vile vidogo alivizungushia uzi kwa vidole vya mkono wa kulia, kwa ufundi mpaka watu wa kutoka Virginia walimfuata awashonee.

Fathiya aliishika ile kofia muda, kisha akairudisha mfukoni.

"Jumamosi nakata majani mimi," alisema. "Baba atakuja kukaa tu, apate hewa. Utakuwepo, Ami?"

"Wewe? Kwenye trekta?"

"Nime-watch video zote. Mzee Phineas ali-nishow pia. Kuzima, ufunguo, kusubiri. I got this, Ami, usijali." Akatabasamu. "Halafu kuna hirizi. Baba anasema hiyo itanilinda kuliko video."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mtoto amesimama mlangoni, kiatu kimoja ameshavaa, kingine anakitafuta kwa kidole cha mguu. Sabri alihisi lile neno likipanda kifuani. Badala yake akasema, "Jumamosi sitaweza. Kuna bomba limepasuka kazini."

Hapakuwa na bomba. Jikoni nyuma yake, blenda ilianza.

"Ami, umeacha kitu kinawaka," alisema Fathiya, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi Sabri alishuka kwenye chumba cha kufulia cha chini ya jengo, si kwa sababu ya kazi, bali ili Mwatime aamini kwamba ana kazi. Hapakuwa na mtu. Mashine sita za kukaushia zilisimama ukutani, milango yao ya duara imefungwa, isipokuwa ya mwisho. Mlango wa ile ya mwisho ulikuwa wazi, na mashine ya aina ile haizunguki mlango ukiwa wazi, Sabri mwenyewe ndiye aliyeiwekea swichi ya kuizuia, kwa mikono yake.

Ilikuwa inazunguka.

Ndani yake mlikuwa na kitambaa kimoja, kikipanda na kuanguka, kikipanda na kuanguka, na Sabri alisogea ingawa miguu yake haikutaka, akaona mistari ya samawati, akaona pindo lenye nyuzi, akaona lile doa, na akajua kwamba ni kile kikoi ambacho wauguzi walikikata vipandevipande na kukitupa mwezi wa Aprili, sasa kizima, kinajisokota chenyewe kuwa kamba nene, na katika kujisokota kule kikawa na shingo, kikawa na mabega, kikawa na kitu kilichoinama kama mtu anayetoa majani yaliyokwama, na kutoka ndani ya lile pipa la chuma ikaja sauti, si ya Azhar, wala si ya mtu mgeni, bali sauti ya Sabri mwenyewe, tulivu, kama siku ile ukumbini.

"Ilikuwa imezimwa," ilisema. "Wallahi, ilikuwa imezimwa."

Sabri alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Unataka nini?" alinong'ona.

"Ilikuwa imezimwa," sauti ilirudia, na mashine zote tano zilizobaki zikaanza kuzunguka.

Alipanda basi, akapanda treni ya laini ya kijani, akashuka kituo cha Shaw, mjini. Maalim Vuai alikuwa kwenye kibanda chake cha vioo kwenye maegesho ya kulipia, jirani na mikahawa ya wanafunzi. Wiki nzima alipokea tiketi za magari, na katikati ya gari na gari alisomea watu. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ingia, funga mlango, baridi ya kiyoyozi isitoke," alisema. "Na mapema nikwambie, ubani hapa hakuna. Nikichoma kidogo tu king'ora kinalia, wanakuja zimamoto."

Sabri alimweleza yote aliyoyaona. Hakumweleza alilolifanya.

Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama anauliza saa, "Na siku ile, trekta ilikuwa imezimwa?"

"Imezimwa."

Pembeni ya meza palikuwa na feni ndogo iliyoungua zamani. Waya wake ulishakatwa, Maalim aliitumia kugandamizia karatasi. Mapanga yake yakatikisika, yakaanza kuzunguka.

Maalim Vuai alivua miwani. "Sema tena," alisema polepole.

"Maalim..."

"Sema tena, mwanangu. Nisikie."

"Ilikuwa imezimwa."

Feni ikaongeza mwendo. Karatasi zikaruka kibandani. Nje dereva mmoja alipiga honi, hakuna aliyegeuka. Na ile harufu ikajaa ndani ya vioo, grisi na nguo iliyoungua, mpaka Maalim akaziba pua kwa ncha ya kanzu.

"Ilikuwa..." Sabri alishika meza. "Ilikuwa inawaka. Mimi nilimwambia asizime."

Feni ikasimama.

Maalim alikusanya karatasi moja moja.

"Huyu simwezi," alisema mwishowe. "Si kwamba ana nguvu kunishinda. Ana haki. Alikuwa amekaa pale shambani, au alikuwa anapita tu, Mungu ndiye ajuaye, ukamtwisha damu ambayo hakuimwaga. Ukaapa. Sasa anakifanya kiapo chako kiwe kweli. Ulisema vitu vilivyozimwa huzunguka. Basi vinazunguka."

"Ataondoka lini?"

"Utakapomwambia mwenye mkono. Mimi nimeyasikia, lakini mimi si mwenye mkono." Kisha uso wake ukabadilika. "Ile hirizi yangu waliifunga wapi?"

"Pale pa kifuniko."

"Nani kakitoa kifuniko?"

Sabri aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi niliandika maneno ya Mungu wakayaweka mahali pa plastiki," alisema Maalim Vuai kwa sauti ndogo. "Sikuuliza hata swali moja." Alisimama, akachukua funguo za gari. "Nani anaendesha lile trekta leo?"

Walitoka mjini kwa New York Avenue, wakashika barabara kubwa ya kuelekea Lanham. Sabri alimpigia Fathiya, hakupokea. Alipiga tena, hakupokea. Walipoacha lami na kuingia njia ya changarawe, alimpigia Azhar, naye akapokea.

"Ami yake Fathiya yuko wapi huyu," alitania, maana sauti ya Sabri ilikuwa ya kuhema. "Bomba lishakushinda?"

"Mwambie Fathiya azime trekta."

"Keshazima. Ufunguo ninao mimi mfukoni. Majani yamekwama, anayatoa."

"Mwambie atoke pale."

"Atoke kwa nini? Si imezimwa?"

Neno lilifika kwenye meno ya Sabri. Lilikuwa palepale, fupi, na Maalim alikuwa akimtazama kwa kioo, na Azhar alikuwa akisubiri, na Sabri akaona mbele yake ile kofia yenye sindano, na neno likarudi lilikotoka.

"We mwambie tu," alisema.

Simu ikakatika.

Walipofika, Azhar alikuwa kwenye kiti cha kukunja chini ya kivuli cha banda, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Trekta lilisimama katikati ya majani, kimya, hakuna moshi. Nyuma yake Fathiya alikuwa ameinama, mikono yote miwili ndani ya majani, na pindo la shela lake la kijani limelala juu ya shafti tupu, karibu na kile kitambaa chekundu cha hirizi. Sabri alishuka gari likiwa bado linatembea, na alipokuwa anakimbia aliona kitambaa chekundu kikipinduka, mara moja, polepole kama mtu anayegeuka usingizini, kisha mara ya pili, na hakuna injini iliyonguruma, hakuna kitu kilichosikika ila ndege na miguu yake mwenyewe na Azhar akisema "nini, Sabri, kuna nini," na shafti ikageuka mara ya tatu na pindo la shela likapita chini yake likatokea upande wa pili, likakaza, na Fathiya akavutwa kichwa kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, akapeleka mkono shingoni, na Sabri akajua kwamba hata akifika hatakuwa na ufunguo wa kuvuta, hakuna kitu cha kuzima, kwa maana ilikwisha kuzimwa, na kilichobaki kuzimwa kilikuwa kinywani mwake.

Alisimama. Akamgeukia Azhar.

"Ilikuwa inawaka," alisema. "Siku ile ilikuwa inawaka, Azhar. Mimi nilikwambia usizime kwa sababu ya betri. Na kifuniko nilikivua mimi. Kiko nyuma ya magunia. Nimeapa uongo. Hakuna jini aliyekukata mkono. Ni mimi."

Shafti ilisimama.

Maalim Vuai ndiye aliyemfikia Fathiya. Alitoa kisu kidogo cha mfukoni, akalikata shela karibu na bega, na msichana akaanguka kwa magoti, akikohoa, alama nyekundu shingoni. Hakulia. Aliangalia tu kile kipande cha kijani kilichosokotwa pamoja na hirizi, kimekuwa kitu kimoja.

Azhar alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda kwanza kwa binti yake, akamshika kichwa kwa mkono wake mmoja, akamkagua kama mtoto mchanga. Ndipo akaja kwa Sabri.

"Nilikuwa naisikia injini," alisema. Hakupaza sauti. "Mpaka ndani ya gari la wagonjwa nilikuwa naisikia. Nilipozinduka wakanambia Sabri kaapa kwamba ilikuwa imezimwa. Nikasema, Sabri ndiye aliyeniokoa, Sabri hawezi kusema uongo. Basi ni mimi. Ni akili yangu." Alimeza mate. "Miezi yote hii, Sabri, nalala nikijiuliza kama na akili imekatwa pamoja na mkono."

Sabri alitaka kupiga magoti. Azhar alimzuia kwa jicho.

"Usinifanyie hayo. Nenda kalete kifuniko."

Aliyaondoa magunia yote. Kifuniko kilikuwa pale, na ufa wake, na vumbi lake. Alikifunga mwenyewe huku Azhar amesimama juu yake, akimwonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto kila mahali palipolegea, na ule ufa wakaamua kwamba hautoshi, kwamba trekta halitawashwa tena mpaka kinunuliwe kipya.

Jua lilipoinama Azhar alitoa ile kofia mfukoni mwake.

"Sijakusamehe," alisema. "Nisije nikakudanganya na mimi. Lakini kesho uje nyumbani. Nataka kujifunza kushona kwa huu wa kushoto, na mtu lazima anishikie kofia. Inachukua muda mrefu. Utakaa, utashika, hutasema kitu."

Sabri alikwenda. Bado anakwenda mpaka leo. Huishika kofia kwa vidole viwili, na sindano ya Azhar, ambayo bado haijazoea, humchoma mara kwa mara, naye hatikisiki.

Nyumbani kumekuwa kimya tangu siku ile. Blenda hukaa. Feni hukaa. Mwatime alisema harufu imetoka hata kwenye mito. Lakini juzi mtu wa ghorofa ya kwanza alimpigia simu kuhusu bomba lake, na Sabri, aliyekuwa bado amekaa kitandani na soksi mkononi, akamjibu, "Niko njiani, nishafika karibu." Juu ya kabati, gurudumu la cherehani likageuka. Mara moja tu. Kisha likasubiri.

"Samahani," Sabri alisema upesi kwenye simu. "Nadanganya. Bado niko nyumbani."

Gurudumu likatulia.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, fumbua macho sasa. Mengine yote ukiyasahau si kitu. Ila siku utakapokaa juu ya kiti cha trekta la zamani, lenye shafti nyuma, nakuomba ukumbuke hili moja: zima, toa ufunguo, kisha kaa palepale, usishuke, mpaka usikie kimya.